Mstari wa Maji Niliopaka Chokaa

Habari za mchana, majirani. Wazee wangu, shikamooni.

Mwenyekiti wa kikundi ameniambia jina langu haliwezi kuandikwa kwenye daftari la kufa na kuzikana mpaka nisimame mbele yenu niseme mwenyewe kilichotokea, kwa mdomo wangu, bila kumtuma mtu. Ni haki yenu. Huwezi kukubali kumchimbia kaburi mtu ambaye hujamwelewa. Sitamtaja mtu jina, ingawa wengine wamo humu ndani. Na wewe dada pale karibu na dirisha unayemnong'oneza mwenzako, nimekusikia. Ndiyo, ni mimi yule dalali.

Kwa mliohamia karibuni, nieleze kidogo. Nilianza udalali wa nyumba miaka hii ya tisini ilipoanza, wakati watu walikuwa wanaingia Ifakara kila wiki. Mwingine ametoka Mahenge anatafuta kiwanja, mwingine amekuja na ng'ombe zake kutoka Usukumani, mwingine kastaafu kule kwenye mashamba ya miwa anatafuta pa kuzeekea. Kituo changu kilikuwa benchi mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, jirani na stendi. Mwenye kuuza anakuja pale, mwenye kununua anakuja pale, ila hawaji siku moja.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Ndugu zangu, nawaambia tulivyokuwa tunafanya: muuzaji na mnunuzi wasionane mpaka siku ya kuandikishana. Wakionana mapema watapatana wenyewe, na wewe utabaki na benchi lako. Kwa hiyo huyu ananituma neno kwa yule, yule ananituma neno kwa huyu, mimi napanda baiskeli, naenda, narudi. Wote wawili wananiita dalali wangu. Wote wawili nawaambia, mimi nipo upande wako. Na nilikuwa nalisema hilo kwa macho makavu.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mjane, nyumba yake ipo huku kwetu upande wa mto Lumemo. Nyumba nzuri, tofali za kuchoma, bati, vyumba vitatu na jiko la nje. Alikuwa anataka kuhamia Kiberege kwa mwanawe wa kiume. Aliponiita nimuuzie hiyo nyumba, hakuanza na bei. Alinishika mkono akanipeleka ukutani, akanionyesha mstari wa kahawia uliozunguka chumba chote, juu kidogo ya magoti yangu.

Akaniambia, "Mwanangu, huyo atakayekuja umwambie. Masika maji yanaingia humu. Mwaka mwingine yanaishia kizingitini, mwaka mwingine yanafika hapa. Bei umpunguzie, lakini ajue."

Nikamjibu nimesikia, mama. Na nilisikia kweli, masikio yangu hayakuwa na ugonjwa wowote. Ila nilikuwa nimekwisha piga mahesabu ya kichwani kwamba nyumba ya maji haiuziki, na ikiuzika dalali anaondoka mikono mitupu. Nikamwambia nyumba inayouzwa lazima ipendezeshwe. Akasema kama ndiyo desturi yenu, haya. Nikaleta ndoo ya chokaa, nikapaka mwenyewe. Asubuhi moja tu na mstari haupo.

Mnunuzi akatokea mwezi wa mpunga. Mnaujua mtaa wetu wakati wa mavuno: watu wote wapo ng'ambo kwenye mashamba, wanalala kwenye madungu yao ya kulindia mpunga, mwenye nyumba naye yupo hukohuko, hapa wamebaki kuku. Nilimleta mzee wa watu siku hizo kwa makusudi, maana jirani anaweza kuharibu biashara kwa neno moja. Alikuwa mtu wa Kigoma, amefanya kazi kwenye miwa tangu kijana, na maisha yake yote yeye na mkewe wamelala katika nyumba za kampuni. Aliingia vyumba vyote vitatu amevua kofia. Akagusa mlango, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Niliona kabisa kwamba ameshaipenda.

Kisha akasema, "Nakutuma jambo moja tu. Kamuulize mwenye nyumba, maji yanafika hapa?"

Nikapanda baiskeli. Majirani, leo ndiyo mara ya kwanza nalisema hili mbele ya watu. Sikwenda kwa yule mama. Nilikwenda stendi, nikanywa chai na maandazi mawili, nikakaa muda ambao mtu angetumia kwenda na kurudi, halafu nikarudi kwa mzee nikihema. Nikamwambia nimemuuliza, na amesema tangu ajenge hajaona maji.

Siku ya kuandikishana walikaa mezani kwa mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule, mama huku, mzee kule, mimi katikati kwenye kiti nilichokiweka mwenyewe. Yule mama akamgeukia mzee akamwambia ahsante, baba, kwa kuipokea nyumba pamoja na shida zake. Mzee akacheka, akasema nyumba gani haina shida, mama, tutazoeana nayo. Wakapeana mikono mbele ya kifua changu. Mimi nikasukuma kile kibati cha wino haraka, nikasema haya, dole gumba, jua linatuacha.

Masika yakaja, na mnakumbuka yalikuwa masika gani. Lumemo ikatoka kitandani kwake alfajiri. Bibi wa yule mzee alikaa juu ya meza mpaka saa sita mchana na mbegu za mpunga mapajani, kapu zima limelowa chini. Ukuta wa jiko ukalala. Maji yalipopungua, chokaa ilikuwa imebanduka na kuondoka nayo, na mstari wa zamani umejitokeza palepale mama aliponionyesha. Mzee akauona, akaelewa kwamba alidanganywa.

Lakini aliyemfuata siye mimi. Alimfuata mama. Kwa akili yake, swali alilituma na jibu aliletewa, kwa hiyo mwongo ni mwenye jibu. Akapanda gari mpaka Kiberege, akamkuta sokoni anauza mchele kwa kopo, na mbele ya wateja wake akamwambia, wewe mama umeniuzia mto. Nimesimuliwa alichofanya yule mama. Alifunika mchele wake, akajitwisha, akaenda nyumbani, na wiki ile hakuonekana sokoni. Mama ambaye katika habari hii yote ndiye pekee aliyesema kweli tangu mwanzo. Hapo kila nikipafika nasikia vibaya, na leo pia nasikia vibaya.

Baada ya siku chache yule mama alikuja mwenyewe Ifakara kumtafuta mzee. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba saa nne asubuhi niliinua macho kwenye benchi langu nikawaona wanakuja pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza nawaona bega kwa bega bila mimi katikati.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, nilikutuma neno. Ulilifikisha?"

Mzee naye, "Na mimi nilikutuma swali. Ulilipeleka?"

Fundi alikuwa ameinamia karai la maji anatafuta tundu kwenye tyubu. Akaacha. Mimi nikaanza kupangusa kiti cha baiskeli yangu. Walinisubiri kama mtu anavyosubiri chenji. Halafu wakaondoka. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyekwenda polisi. Wangenitukana ningepata nafuu.

Kuanzia hapo ndipo nilipojua upweke ni nini. Kesho yake nilikuta benchi limeingizwa ndani ya kibanda. Fundi alisema anataka kulipigilia misumari, na hakulitoa tena. Sikumlaumu wakati ule na leo simlaumu, naomba asiangalie chini hivyo. Kisimani kina mama wakiniona wanaongea habari za mvua. Ukiona watu wanaongea habari za mvua kiangazi, ujue wamekwisha kukuongelea wewe. Wakatoliki wenzangu mnajua kanisani tunapofika kupeana amani. Nilikuwa nakaa mwisho wa benchi karibu na nguzo, na jirani yangu anageuka upande wa pili anapeana amani na ukoo mzima mpaka wimbo unaanza. Mimi nabaki na nguzo.

Mke wangu alisema anakwenda Mang'ula kumwangalia dada yake aliyejifungua. Alifunga vitu vyake vyote, mpaka ungo. Nikaona ungo unatoka mlangoni nikaelewa, lakini nikamwambia msalimie shemeji.

Kupika wali wa mtu mmoja sikuweza kujifunza. Nilipika wa wawili kila siku, nusu nikawapa kuku. Nilikuwa na redio, nikawa namjibu yule anayesoma taarifa ya habari. Akisema habari za jioni, nami namwambia nzuri, za huko. Mnacheka. Chekeni tu, sasa hivi hata mimi nacheka.

Ila kitu kimoja sikukizoea. Kazi ya dalali ni kupiga hodi. Maisha yangu yote nimebisha milango ya watu, hodi hapa, hodi pale. Sasa mwezi unakwisha, mwezi mwingine unakwisha, na mlangoni kwangu hakuna hodi. Hata ya mtu aliyepotea njia. Hata ya anayekuja kuomba kiberiti. Nilifika mahali siku za treni nakwenda kusimama stesheni, sina ninayempokea, ili tu mgeni asiyenijua aniulize ni saa ngapi. Siku moja ikashuka familia na magodoro, yule baba akanisalimia vizuri, akaniuliza wapi wanaweza kupata nyumba. Kabla sijafungua mdomo mkewe akasema tumeambiwa yupo dalali mmoja karibu na stendi, tusimguse. Nikawaambia mimi simjui.

Masika mengine yakapita. Maji yakaingia kwa mzee tena, nikasikia kwa watu. Halafu nikaugua malaria, ile ya kukulaza chini. Siku tatu. Maji ya kunywa yaliisha siku ya pili. Mlango ulikuwa wazi, na viumbe walioingia kuniangalia ni kuku wa jirani. Nikiwa pale nikawaza, nikifa hapa, watu watakuja kwa sababu ya harufu. Samahanini, akina mama, lakini ndivyo nilivyowaza, na ndiyo sababu leo nasimama kwenye kikundi hiki na si kingine. Nililia. Sikumlilia Mungu, nililia tu kwa sababu nilikuwa peke yangu.

Nilipopata nguvu ya kukanyaga pedali, nikaenda Kiberege. Nilipumzika njiani kila penye kivuli. Nilimkuta yule mama anapepeta. Nikapiga hodi, nikampa shikamoo, akamalizia ungo ule kwanza, kisha akaitikia. Nikapiga magoti kwenye pumba, nikamwambia mama, nimekuja kusema ukweli kuhusu lile neno ulilonituma.

Akaendelea kupepeta. Akasema, "Neno langu halikuwa la kuletewa mimi. Mpelekee niliyekutuma kwake."

Nikamwambia sasa limechelewa, mama, maji yameshaingia mara mbili. Akasema maji ni ya mto, mimi nimekuagiza neno.

Basi kesho yake nikasimama mlangoni kwa mzee. Mlango sikuugusa, nikapiga hodi kwa mdomo tu. Alikuwa nyuma ya nyumba anapanga tofali za jiko peke yake, na umri ule. Nilisimama mbele yake kama mtoto anayesoma shairi shuleni nikasema: "Mama wa Kiberege amenituma nikwambie, masika maji yanaingia humu, mwaka mwingine kizingitini, mwaka mwingine mpaka kwenye ule mstari. Amesema nikupunguzie bei, lakini ujue." Nikamwambia na habari ya chai na maandazi pia.

Akaweka tofali chini. Akaangalia chini huku na huku, nikadhani ananitafutia jiwe. Kisha akaniuliza kama swali lake nililipeleka. Nikasema hapana. Akasema basi lipeleke.

Nikarudi Kiberege. Naona mnanishangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilipeleka swali la mwaka juzi. Na yule mama alilijibu kana kwamba limefika kwa wakati. Akasema maji hayaanzii mbele, yanaanzia nyuma, kwenye lile shimo walilochimba udongo wa tofali za nyumba hiyohiyo. Likijaa ndiyo yanageukia mlango wa jiko. Marehemu mume wake alikuwa anataka kuchimba mtaro kutoka shimoni kwenda kwenye majaruba ya mpunga, akafa kabla. Nikabeba hilo jibu. Mzee akanituma swali jingine, mtaro upite wapi. Nikaenda. Mama akatuma upite kulia kwa mwembe kwa sababu kushoto kuna mwamba. Nikarudi. Niliweka matairi mapya safari ile, na fundi alinifungia bila kuniuliza nakwenda wapi, lakini aliyajaza upepo vizuri.

Nyumba haikuweza kurudishwa. Mama alikwisha jenga chumba chake kule, na mzee hakuwa na pa kwenda. Kilichobaki ni kuchimba. Redio yangu niliiuza nikanunua saruji ya kuinulia sakafu ya jiko, na mtaro nilichimba kwa jembe langu tangu mwezi wa nane mpaka mvua za vuli. Mzee hakuwa ananisemesha. Saa saba bibi yake ananiletea ugali chini ya dirisha, anaweka, anaondoka. Nilikula peke yangu upande mmoja wa ukuta na wao wanakula upande wa pili, nasikia vijiko. Kwangu mimi ilikuwa ni kama karamu.

Masika ya mwaka huu nilikaa ndani nasikiliza mvua. Siku tatu mfululizo. Sikuthubutu kwenda kuangalia. Siku ya nne, mchana, nikasikia hodi. Sikujibu, nilijua ni ya kwa jirani. Ikapigwa tena. Nikasimama katikati ya chumba changu, na msinicheke, nilikuwa nimesahau la kujibu. Mtu mzima nimesahau kusema karibu. Ya tatu ndipo sauti ikatoka, imekwaruza.

Alikuwa mzee, suruali ameikunja mpaka magotini, ana matope. Hakukaa. Akasema, "Nina neno nataka unipelekee Kiberege. Mwambie mama, maji yamekuja, na hayakuingia."

Majirani, barabara ilikuwa haipitiki, baiskeli niliibeba begani zaidi kuliko ilivyonibeba. Nilifika kwa yule mama usoni matope matupu nikalisema lile neno kama lilivyo, sikuongeza wala sikupunguza. Akacheka, akaenda kuniwekea maji ya kuoga.

Baada ya hapo nilikwenda Mang'ula. Kwa mke wangu sikumtuma mtu. Nilimwambia yote, mpaka maandazi. Alinisikiliza, akasema nimesikia, akanisindikiza mpaka njia panda. Hajarudi. Jumamosi nitakwenda tena.

Namshukuru yule mama aliyenikatalia msamaha wa haraka akanipa kazi. Namshukuru bibi wa ugali. Fundi, benchi nimeliona limerudi nje, ahsante. Nasikia kuna watu wananiulizia tena habari za nyumba. Anayetaka aje, lakini sasa nafanya hivi: mwenye kuuza na mwenye kununua nawakalisha uso kwa uso, baada ya mavuno, majirani wakiwepo, kila mtu aseme la kwake kwa mdomo wake. Mimi kazi yangu ni kuwakutanisha na kunyamaza. Wenzangu wa udalali wananiambia nitakufa njaa. Nawaambia kuna kufa kubaya zaidi, nimekuona. Ukikubali kubeba neno la mtu, lifikishe. Kama huwezi, mwambie mapema atafute miguu mingine.

La mwisho. Aliyeleta jina langu kwenye kikundi hiki mnamfahamu, ni mzee, amekaa pale na kofia yake mapajani. Sikumwomba. Safari hii yeye ndiye dalali na mimi ndiye nyumba. Nimemuuliza aliwaambia nini kuhusu mimi, akasema amewaambia ninyi mnisikilize mwenyewe, yeye hapaki chokaa.

Basi nyumba mmeiona, na mstari wa maji mmeuona ulipofika. Nipo nje pale penye baiskeli. Mkikubaliana, mmoja wenu aje aniite.